Marcos ya mbao, wiki ya 6: chasisi imekaza

Leo kwa mara ya kwanza nimeinyanyua chasisi nzima kwa mkono mmoja na haikulegea popote.

Kwa wanaonikuta njiani: naunda modeli ya Marcos GT ya 1964, kipimo cha 1 kwa 8, urefu wake karibu nusu mita. Katika magari yote madogo ya michezo ya Uingereza nimelipenda hili kwa sababu chasisi yake, yaani ile inayobeba injini ya Volvo ya lita 1.8, ni plaiwudi iliyogundishwa. Jina limetokana na Jem Marsh na Frank Costin, walioanzisha kampuni mwaka 1959. Costin alitokea de Havilland, waliounda Mosquito, ndege ya kivita ya mbao. Aliyezoea mbao inayoruka hawezi kuogopa mbao inayokimbia barabarani. Na magari hayo yalikimbia kweli: Jackie Stewart, kabla ya kutwaa ubingwa wa dunia mara 3, alishindana katika Marcos alipokuwa anaanza mbio.

Wiki ya 4 nilikosea. Ubavu wa kushoto niliukata nyuzi za mbao zikielekea upana badala ya urefu. Gundi ilipokauka nikaushika ncha mbili nikaunyonga kama anayekamua nguo, ukalia, ukapinda. Nimeubandua kwa kisu, nikapiga msasa hadi gundi yote ikaisha, nikakata upya. Safari hii niliona jambo ambalo picha hazikunionyesha. Kabla ya kifuniko, vipande vinacheza kama kadi. Ukishabandika kifuniko na kukibana usiku kucha, asubuhi unakuta kisanduku kigumu kama tofali, na bado chepesi. Ugumu wote unatoka kwenye visanduku hivyo vilivyopangwa mfululizo.

Gari halisi lilikuwa na vipande 386 vya mbao. Mimi nimegundisha 112 tu na vidole vinauma, kwa hiyo naelewa kwa nini mwaka 1969 walihamia chuma. Mbao haikuwashinda kwa udhaifu; kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa ghali mno. Hata hivyo kampuni ilianguka 1971, Marsh akaja kuifufua 1981.

Wiki ijayo ni zamu ya pedali, sehemu ninayoisubiri kwa hamu. Dennis Adams alichora gari la chini mno, dereva anakaa kama amelala, na kiti hakisogei kabisa kwa kuwa ni sehemu ya gari lenyewe. Kinachosogea ni pedali: unazungusha kifundo kwenye dashibodi, zinakufuata mguuni. Marsh mwenyewe alikuwa mrefu, zaidi ya mita 1.9, na alienea. Nimeshapata skrubu ndefu ya milimita 2 na nati yake. Nataka pedali zangu nazo zisogee.