Makaburi ya Songo Mnara

Jana hatimaye nimefika Songo Mnara, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kusini mwa pwani ya Tanzania. Kutoka Kilwa Masoko kwa boti, na maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo kipande cha mwisho ni kwa miguu kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Nililalamika njia nzima, nakiri.

Mji wenyewe wa mawe ni wa karne ya 14 na 15. Watu hupiga picha nyumba na misikiti, wanaondoka. Mimi nilikwama kwenye uwanja wa katikati, kwenye makaburi. Siku hizi sisi huzikwa pembeni. Hawa walilala katikati ya nyumba zao, ukitoka mlangoni unamsalimia bibi yako.

Babu aliyetuongoza ni wa hapo hapo kisiwani. Alivua kofia, akatoa salamu kwa wenye kulala, ndipo akatuashiria tuingie. Nikachuchumaa kwenye kaburi moja: matumbawe yamemomonyoka, mzizi umepenya ubavuni, maandishi hakuna. Watafiti waliochimba hapa walikuta vijiwe vyeupe na sarafu za shaba juu ya makaburi, maana watu walikuwa wakirudi kuzuru.

Nikamuuliza, "Babu, hawa ni wa ukoo gani?"

"Mjukuu wangu, ukoo umesahaulika. Dua inawafikia tu."

UNESCO iliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, pamoja na Kilwa Kisiwani. Kwenye boti tulirudi kimya, hata yule dada mwenye spika.