Fildi Yangu Newala: Dodoso, Salfa na Ndoo Tupu

Julai nilipangiwa fildi ya wiki sita katika kijiji kimoja cha Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Kazi yangu ilikuwa kukagua vyoo na sehemu za kunawia mikono katika kaya 60, kisha kutoa elimu. Nilikuwa mwaka wa pili wa afya ya mazingira, umri ambao mtu anajua kila kitu.

Siku tatu za mwanzo nilipata kaya nne tu. Nikitoka saa moja asubuhi nakuta milango imefungwa na kuku ndio wenyeji. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii niliyepewa anizungushe aliniacha nihangaike kwanza, halafu akacheka: "Mwanafunzi, huu si msimu wa salfa?" Mikorosho ilikuwa inachanua, na ugonjwa wa ubwiriunga ukishika maua, Oktoba huna cha kupeleka mnadani. Salfa, dawa yake ya unga, hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Nani angenisubiri mimi? Tukahamishia kazi alasiri, na wanaume tukawafuata kwenye bao.

Kingine kilichonikwamisha ni mdomo wangu. Nikimaliza shikamoo tu, naanza: "Mnanawa kwa maji tiririka na sabuni mkitoka chooni?" Kila mtu ndiyo. Nikienda kuona, hakuna hata kopo. Vyoo vyenyewe vilikuwepo karibu kila nyumba, kampeni ya Nyumba ni Choo watu waliisikia, lakini kunawa kulikuwa mdomoni.

Bibi mmoja ndiye aliyenichoka. Akanishika mkono hadi kwenye kisima chake cha kuvunia maji ya mvua, kile cha saruji kilichochimbiwa chini, akafunua mfuniko na kushusha ndoo. Ikagonga: ko!

"Mvua imeondoka Aprili, mjukuu wangu, mpaka Desemba huko. Hayo maji ya kutiririka utaniletea wewe?"

Sikuwa na jibu. Pale juu mvua ikinyesha mchanga unainywa yote, na bomba likikata watu wananunua maji kwa ndoo. Mimi nilikuwa nawaambia wamwage chini kitu walichokilipia.

Kuanzia hapo swali langu la kwanza likawa maji: mnayapata wapi, ndoo shilingi ngapi, nani anayabeba. Halikuwemo kwenye dodoso. Mazungumzo yakarefuka, na majibu yakaanza kufanana na nilichokiona chooni. Mahubiri nikayaacha, tukawa tunatengeneza vibuyu chirizi: dumu la lita tano, miti miwili, kamba na kijiti cha kukanyaga, sabuni inaning'inia pembeni. Dumu likiinama linatoa kidogo tu, na hilo ndilo lililowauzia watu wazo, si vijidudu nilivyowachorea kwenye karatasi. Baadhi vilikufa ndani ya wiki, watoto walikuwa wanakanyaga kijiti kwa mchezo hadi dumu likauke.

Wiki ya mwisho nilirudi kwa bibi. Kibuyu chirizi chake chooni hakikuwepo, nikanyong'onyea. Kumbe amekihamishia kando ya jiko, pale anapopita kila anayetoka chooni, na chini yake ameotesha mchicha unaokunywa matone. Dodoso lilitaka "ndani ya hatua kumi kutoka chooni". Nikahesabu: kumi na nne. Nikajaza "hapana", halafu pembeni nikaandika kwa penseli habari ya mchicha.