Mguu wa Prost, mguu wa Senna

Katika langalanga, Jumamosi ya kutafuta nafasi na Jumapili ya mbio ni kazi mbili tofauti, na kuna namba nne zinazoonyesha hilo kuliko maelezo yoyote. Ayrton Senna alianza mbio 161 za Formula One na akashika nafasi ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia mara 65. Alain Prost alianza mbio 199, nafasi hiyo akaipata mara 33. Hapo Mbrazili kamwacha Mfaransa mbali. Sasa hesabu nani aliweka mzunguko wa kasi kuliko wote ndani ya mbio zenyewe: Prost mara 41, Senna mara 19.

Namba hizi zimenikaa kichwani wiki nzima. Wengi wakiwalinganisha hawa wawili husema Senna alikuwa moto na Prost alikuwa barafu, wakaishia hapo. Maneno hayo hayaelezi mguu ulikuwa unafanya nini, na ubingwa wao, mitatu ya Senna (1988, 1990, 1991) na minne ya Prost (1985, 1986, 1989, 1993), ulitafutwa kwa mguu.

Tuanzie kwenye tairi. Tairi lina uwezo mmoja wa kuishika lami, na dereva anaugawa kati ya kazi tatu: kufunga breki, kukata kona na kusukuma gari mbele. Ukiutumia wote kwenye breki, haubaki wa kukata kona. Ukizungusha usukani, pua inaenda moja kwa moja. Ukikanyaga mafuta mengi wakati bado unakata kona, matairi ya nyuma yanazidiwa na mkia unafagia nje. Madereva wote wakubwa wanalijua hili. Tofauti ya Prost na Senna ilikuwa katika namna ya kugawa.

Prost alifunga breki mapema kidogo. Gari la mbio likiwa kwenye kasi kubwa linakandamizwa chini na hewa inayopita juu ya mabawa, kwa hiyo sekunde ya kwanza ya breki ndiyo inayoruhusu nguvu kubwa kabisa. Kasi ikishuka, hewa inaacha kukandamiza, na mguu lazima ulegee sambamba nayo, la sivyo magurudumu yanajifunga. Tairi lililojifunga linachubuka upande mmoja na kuwa bapa, gari linatetemeka mpaka usukani unacheza mikononi, na hapo huna njia ila kuingia piti, kituo cha kubadilishia matairi kando ya njia. Prost alikuwa fundi wa kulegeza huko. Alianza kuachia breki mapema, gari likatulia, akazungusha usukani mara moja tu, kisha akakanyaga mafuta mara moja na kuendelea kuongeza. Ukitazama picha za ndani ya gari lake, mikono karibu haina kazi. Unadhani anatembea tu, mpaka utazame saa.

Senna aliingia na breki mpaka ndani ya kona, akakata ghafla na mapema, mkia ukilegea kidogo. Kisha mguu wa kulia ukaanza kazi ambayo sijaona mwingine akiifanya namna ile: kudonoa mafuta, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, kabla hata gari halijafika katikati ya kona. Sikiliza sauti ya injini kwenye picha za zamani. Kwa Prost unasikia mstari mmoja unaopanda. Kwa Senna unasikia kitu kama cherehani.

Kwa nini afanye hivyo? Sababu ya kwanza ni turbo. Turbo ni feni inayoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, na huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ukiachia mafuta, moshi unapungua, feni inapunguza mwendo, na ukikanyaga tena nguvu haiji hapo hapo. Inachelewa, kisha inakuja yote kwa pamoja wakati huitaki. Kudonoa kunaifanya feni isilale. Sababu ya pili ndiyo ninayoiona kubwa zaidi, kwa sababu hata turbo zilipopigwa marufuku mwishoni mwa 1988 hakuacha. Kila donoo ni swali kwa matairi ya nyuma: bado mnashika? Jibu linarudi kupitia kiti, naye anaongeza au anapunguza. Prost aliuliza swali hilo mara moja, akiwa tayari na jibu kichwani. Senna aliuliza bila kukoma.

Na haya yalifanywa na mguu uliokuwa na kazi nyingine juu yake. Gari la McLaren MP4/4 la 1988 lilikuwa na gia sita za mkono na klachi. Kushusha gia kulitaka mguu wa kushoto kwenye klachi, unyayo wa kulia kwenye breki, na ubavu wa unyayo huo huo ukigusa mafuta ili injini ipande mzunguko kabla klachi haijarudi. Usipolinganisha mzunguko huo, magurudumu ya nyuma yanashtuka na kujifunga kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kukugeuza. Wakati wote huo mkono mmoja hauko kwenye usukani.

Msimu huo wa 1988 ndio mizani bora tuliyo nayo, kwa sababu walikuwa timu moja, gari moja, injini moja ya Honda V6 ya lita 1.5. Kati ya mbio 16 walishinda 15, Senna 8 na Prost 7. Moja iliyowaponyoka ilikuwa Monza, Italia: injini ya Prost ilikufa, na Senna, akiongoza, aligongana na Jean-Louis Schlesser, dereva wa nyuma aliyekuwa akipitwa naye kwa mzunguko mzima, ikiwa imebaki mizunguko miwili.

Sheria za mwaka ule zilikuwa za kubana. Mgandamizo wa hewa ya turbo ulishushwa mpaka bar 2.5, na magari ya turbo yalipewa lita 150 za mafuta kwa mbio nzima, kutoka 195 za mwaka uliotangulia. Mbio ni takriban kilomita 305, kwa hiyo lita moja ilipaswa kuvuta gari kilomita mbili na nukta tu. Huku ndiko Prost alikokuwa nyumbani. Hockenheim, Ujerumani, mwaka 1986 mafuta yalimwishia mzunguko wa mwisho, akashuka na kulisukuma gari kwa mikono. Miezi michache baadaye, Adelaide, Australia, kipimo kilimwambia mafuta hayatamfikisha; aliendelea, akashinda mbio na kutwaa ubingwa baada ya tairi la mpinzani wake, Nigel Mansell, kupasuka.

Monaco, Mei 1988. Kwenye kutafuta nafasi Senna alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 23.998. Prost, gari lile lile, alikuwa wa pili kwa 1:25.425. Sekunde moja na nusu kasoro kidogo, kwenye mzunguko mfupi namna ile! Mtaa wa Monaco una vyuma pande zote mbili na kona za taratibu, mahali ambapo kudonoa mafuta kunalipa kuliko popote, maana kila kona inaanza na turbo iliyolala na lami isiyoaminika. Jumapili yake Senna aliongoza peke yake, wakati Prost amekwama nyuma ya Ferrari ya Gerhard Berger. Prost alipompita Berger, pengo lilikuwa kubwa kiasi cha kutofikika. Timu ikamwambia Senna apunguze mwendo. Akapunguza, na kwenye mzunguko wa 67 kati ya 78 akajigonga kwenye chuma pale kona ya Portier. Prost akashinda.

Kosa lile nalielewa hivi. Mtindo wa Senna unaishi kwa majibu yanayotoka kwenye matairi. Ukipunguza kasi, majibu yanakuwa hafifu, na mguu uliozoea kuuliza kwenye ukingo unabaki bila la kuuliza. Prost angeweza kupunguza sekunde mbili kwa mzunguko na bado akafanya kitu kile kile, kwa upole zaidi.

Pointi za mwisho wa msimu zinauma mpaka leo. Ushindi ulikuwa pointi 9, nafasi ya pili 6, na matokeo bora 11 tu ndiyo yaliyohesabiwa. Prost alimaliza mbio 14, zote akiwa wa kwanza au wa pili: 7 na 7. Jumla 105. Senna alikusanya 94. Lakini ukichukua 11 bora, Prost anabaki na 87, Senna na 90. Sheria iliyotupa matokeo yasiyo bora ilimsaidia anayeshinda au kuanguka, ikamwadhibu asiyekosa. Senna aliijua sheria kabla ya kuanza na akaiendesha, kwa hiyo ubingwa ni wake kihalali. Ila nikiulizwa nani alikuwa na msimu bora zaidi mwaka ule, nasema Prost.

Mvua ni habari nyingine, na hapa simtetei Mfaransa sana. Senna kwenye lami iliyolowa alitafuta njia nje ya mstari wa kawaida, kwa sababu mstari wa kawaida una mpira uliokandamizwa na matairi, na mpira huo ukilowa unateleza kama sabuni. Prost alikuwa na sababu ya kuichukia mvua: Hockenheim 1982, katika mazoezi ya mvua, Didier Pironi hakumwona ndani ya ukungu wa maji, akamgonga kwa nyuma na kuvunjika miguu vibaya. Silverstone, Uingereza, 1988, Prost aliegesha gari mwenyewe, Senna akashinda. Adelaide 1989 Prost aliacha baada ya mzunguko mmoja. Safari hii Senna, akiwa mbele, hakuona kitu na akaingia nyuma ya gari la Martin Brundle. Siku ile aliyeegesha ndiye aliyekuwa sahihi.

Ukitaka kuihisi tofauti hii kwa mguu wako, tafuta karti (kigari kidogo cha mbio) au simyuleta na uchague kona moja tu ya taratibu. Weka alama ya breki, kwa mfano mita 100. Mizunguko kumi ya kwanza, funga breki mita tano kabla ya alama, anza kulegeza kabla ya kuzungusha usukani, kisha kanyaga mafuta mara moja na usirudi nyuma. Ukijikuta unaachia mafuta ili gari lisitoke nje, uliyakanyaga mapema mno. Mizunguko kumi inayofuata, funga breki kwenye alama yenyewe, ingia nayo ndani ya kona, na donoa mafuta mpaka gari linyooke. Kwenye karti jihadhari, kwa kuwa nyingi zina breki za nyuma pekee: ukichelewa na breki huku usukani umeshapinda, mkia unakupita. Kosa la karibu kila anayejaribu mtindo wa Senna ni kudonoa kwa kisigino kizima, kwa nguvu. Lile donoo lake lilikuwa la vidole, dogo mno, na kila moja likizidi kidogo lililotangulia. Tazama muda wa mzunguko wa kumi, usitazame ule bora. Njia ya Prost itakupa mizunguko kumi inayofanana. Ya Senna itakupa mmoja mzuri kuliko yote, na angalau miwili ya kutupa.

Prost akiwa na gari lililotengenezwa kwa ajili ya Jumapili, hakujali ameanza wapi. Mexico 1990, akiwa Ferrari, alianza wa 13. Mazoezi yote aliyatumia kutafuta gari litakalotunza matairi likiwa na tangi lililojaa. Senna aliongoza sehemu kubwa ya mbio, kisha tairi lake likaisha upepo na kuchanika karibu na mwisho. Prost alishinda.

Mwaka 1993 magari yalikuwa yamebadilika: gia za kubonyeza, springi zinazoongozwa na kompyuta, na mfumo wa kuzuia magurudumu ya nyuma yasizunguke bure. Kompyuta sasa ilikuwa inafanya sehemu ya kazi ya mguu wa Senna, na ya Prost pia. Bado, Donington, Uingereza, kwenye mvua, Senna aliangukia nafasi ya tano mwanzoni, na kabla mzunguko wa kwanza haujaisha alikuwa amewapita Schumacher, Wendlinger, Hill na Prost. Prost, mwenye gari la Williams lililokuwa bora zaidi, aliingia piti mara saba akifuata hali ya hewa iliyokuwa haitulii. Lakini mwisho wa msimu yeye ndiye aliyekuwa bingwa.

Mbio yao ya mwisho pamoja ilikuwa Adelaide, Novemba 1993. Williams ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia katika mbio zote 15 zilizotangulia; Jumamosi ile Senna akaichukua. Jumapili alishinda, Prost wa pili, sekunde tisa nyuma. Jukwaani Senna alimshika mkono na kumvuta apande naye ngazi ya juu.