Kwani una haraka ya kwenda wapi?

Nimerudi jamani. Najua niliahidi kuandika kila jioni kutoka kule Unguja kwenye kambi ya muziki wa taarab na sijaandika hata mstari, mtandao ulikuwa wa kubahatisha na soketi inayofanya kazi chumbani ilikuwa moja, sasa fikiria wasichana chumba kizima na simu zao. Kwa kifupi ni hivi, nimefika salama, nimekula urojo mpaka basi, dada kavishwa pete Jumamosi wakati mimi niko kwenye boti natapika, baba kapata barua ya uhamisho kwenda Sumbawanga na hapa nyumbani ndo wimbo wa kutwa, na onesho letu la mwisho lilifanyika Ngome Kongwe watu wakajaa mpaka wengine wakasimama. Hayo yote siku nyingine. Leo naandika kuhusu Maalim, yule mzee aliyetufundisha fidla (violini) kambini, maana maneno yake nimelala nayo, nimeamka nayo, nimesugulia nayo masufuria ya mama tangu juzi na bado hayajanitoka.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kambi. Tulikaa kwenye mkeka, kila mtu anaambiwa apige chochote anachojua ili walimu wamjue. Zamu yangu nikapiga kwa fidla yangu kile kipande changu cha Pasaka, mliokuwepo kanisani mnakijua, kile cha haraka haraka chenye ile sehemu ya mwisho iliyonitoa jasho miezi yote ile. Nikapiga kikatoka safi, sikukosea hata pahali pamoja. Watu wakapiga makofi. Maalim alikuwa kakaa pembeni kabisa karibu na dirisha, kofia yake, kanzu yake, fidla kaipakata na kikombe kidogo cha kahawa mkononi, hakupiga makofi kwa sababu mkono una kikombe (hivyo ndo nilivyojiambia).

Akaniuliza, "Umefundishwa na nani, mwanangu?"

Nikamwambia mwalimu wa kwaya, usharika wetu, Moshi.

"Mashallah. Mkono unao." Akanywa kahawa. Akameza. "Sikio litakuja."

Na mimi, kwa heshima zote jamani, nikauliza, "Litakuja lini, mwalimu?"

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Wakacheka wote. Yule mkaka wa dumbak, ile ngoma ndogo, alicheka mpaka akajipiga paja, na hata hapo alijipiga kwa mdundo, ndo kilichoniudhi zaidi.

Sasa niambieni nyie. Mkono unao, sikio litakuja. Ni sifa au ni tusi? Nilimtumia Mama Mkubwa usiku uleule, akanijibu na vile vipicha vya maua kwamba mwanangu hiyo ni baraka, mzee kakuona, mshukuru Mungu. Nikamtumia Dogo, akajibu neno moja, "Kakwambia kiziwi." Na kuna saa naona Mama Mkubwa yuko sahihi, kwa sababu kasema LITAKUJA, hakusema halipo, ni kama ahadi hivi. Halafu nakumbuka ile kumeza. Katikati ya mkono na sikio kuna kahawa ilinyweka pale, mtu anayesifia hakatishi sifa anywe kahawa. Au anakatisha? Babu yetu angekatisha. Babu angeweza kukusifia Jumatatu akamalizia Alhamisi.

Kinachouma ni kwamba sikio ndo kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho. Mkono ndo niliohangaika nao, mnajua wenyewe habari za kidole changu cha nne. Ila sikio! Mimi ndo ninayewapa watu sauti kwaya ikianza bila kinanda. Mimi ndo niliyemwambia mzee wa kanisa kwamba kinanda kipya kimeshuka kidogo kuliko cha zamani, wakabisha, fundi alipokuja akakuta kweli. Halafu mtu anakuja kuniambia litakuja, utadhani liko kwenye basi la usiku.

Kesho yake akanikalisha peke yangu. Akasema nishushe uzi wa A uwe G, na wa E uwe D. Nikadhani sijasikia vizuri, nikamwuliza mara mbili. Ndo hivyohivyo, yeye yake imekaa hivyo, G D G D, kama wanavyofunga Waarabu. Kwa mtu asiyepiga nieleze kidogo tu, nyuzi zikishushwa vidole vyote ulivyovizoesha miaka vinaanguka pasipo pake, na uzi wenyewe unalegea, upinde ukigusa unatetemeka kivyake. Kile kipande changu cha Pasaka kingetoka kama ugomvi wa majirani. Yaani kila nilichokuja nacho kilifungiwa nje ya mlango, nikabaki na mkono sijui wa kazi gani.

Halafu ikaja rast. Rast ndo maqamu, yaani mpangilio wa noti za Kiarabu, wanayoanzia wengi, unaanza do, re, vizuri tu, ukifika noti ya tatu huikuti. Haipo kwenye kinanda. Iko kati ya kitufe cheupe na cheusi, mahali ambapo kinanda kina ufa tu. Kwenye kanuni, kile chombo cha nyuzi cha kulaza, wanayo, ile kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, na pembeni kuna vijichuma vidogo unavipandisha na kushusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaendelea kupiga, kwa hiyo mpiga kanuni anakipandisha chake kijichuma anaendelea na maisha. Fidla haina kijichuma. Ni kidole chako na Mungu wako.

Nikapiga, Maalim akatikisa kichwa. Nikashusha, akatikisa. Nikapandisha kidogo, akafumba macho, nikafikiri tayari, kumbe anasinzia. Nikatoa simu niwashe ile programu ya kutyunia, ile yenye mshale, ukiwa sawa inakuwa kijani. Nikaweka kidole mpaka kijani kikawaka kabisa, nikamwonyesha.

"Hiyo simu iambie wewe mwenyewe," akasema, "hapo siye hatupiti."

Niliyelala naye kitanda jirani ni mtoto wa Pemba, jina simtaji maana mama yake akiona jina lake huku atapiga simu, ila ni mwembamba ana sauti kubwa kuliko yeye. Usiku nikamwambia hebu imba do re halafu hiyo ya tatu yao. Akaimba akiwa anasuka nywele, mdomoni ana kibanio. Ikatoka. Nikamwambia rudia, akarudia palepale. Nikamwuliza umejifunzia wapi, akanishangaa, akasema sijajifunza, ndo ilivyo. Chuoni tangu ana miaka minne anasoma Kurani kwa sauti, maulidi kila mwaka, adhana mara tano kwa siku, sasa atajifunzia wapi tena. Nikawasha simu ikae pale kwenye mto, akaimba, mshale ukakaa kwenye nyekundu haukutingishika. Nyekundu ileile, kila mara. Nililala nimeukasirikia mshale.

Jioni Maalim alikuwa anakaa barazani anasimulia, na anasimulia kana kwamba mambo yametokea juzi. Sultani Barghash na wapiga muziki wa Misri, kile kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilivyoanza 1905, na watu walivyokuwa wakiimba Kiarabu tu mpaka alipokuja Siti binti Saad akaimba Kiswahili kikaeleweka. Kwamba Siti alitoka Fumba, wazazi wake wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu mjini huku anaimba, watu wakawa wanasikia sauti kabla ya kuona vyungu. Na kwamba 1928 alipelekwa Bombay kurekodi santuri. Mimi hesabu siipendi lakini hii nilipiga palepale, kazaliwa 1880, basi alikuwa na 48. Arobaini na nane! Nikamwangalia Maalim nione kama ananilenga mimi. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake kama kuna nzi. Sijui. Mpaka leo sijui kama ile hadithi ilikuwa yangu au ilikuwa ya watu wote.

Sasa ngojeni niwaambie jambo lililonifanya nirudi nyumbani nacheka peke yangu kwenye basi mpaka mama mmoja akahama siti.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya bashraf, ile ya kufungulia kabla mwimbaji hajaingia, fidla wote pamoja, na kusi linavuma siku hiyo madirisha yanagonga. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, nafikiria mkate wa ufuta, sikuwa nasikiliza kitu kwa kweli. Tukapita kwenye noti ya tatu, tukapita tena, na mara ya tatu au ya nne hivi nikagundua fidla yangu siisikii. Nikadhani nimeacha kupiga. Naangalia mkono, upinde unakwenda. Ndo nikajua siisikii kwa sababu imeingia ndani ya zile nyingine, haitokezi. Nikabonyeza kidole mbele kidogo, kama nywele tu, ikatokeza. Nikarudisha, ikapotea. Nikawa nafanya hivyo makusudi, natokeza napotea, natokeza napotea, nimesahau kabisa njaa, mpaka yule mkaka wa dumbak akanikonyeza kwamba wewe una nini.

Nikamwangalia Maalim. Jamani nilimwangalia kwa matumaini yote. Hakusema kitu. Alikuwa anapiga zake, macho kayafumba, na safari hii hakuwa amelala.

Onesho lenyewe lilipita mbio, kuna mama alikuja kumtunza mwimbaji mwisho wa ubeti, anacheza kwa madaha kutoka nyuma kabisa, hela kaishika juu watu waione, akamvisha kwenye kanga, akanigonga goti wakati anageuka na hakuomba samahani na mimi nilitabasamu kama yangu ile hela. Kumuaga Maalim nilijiandaa. Nilikuwa na sentensi kabisa. Nilitaka kumwuliza, Maalim, limekuja? Nilipofika mbele yake nikasema shikamoo, akasema marahaba, fika salama, wasalimie wa Moshi, akamgeukia mwingine. Ndo hivyo tu. Nimekaa na swali langu toka bandarini Malindi, hukohuko Unguja, mpaka Himo.

Halafu Jumapili. Nimerudisha nyuzi zangu, A iwe A, E iwe E, nimevaa gauni, nimekaa mahali pangu karibu na sopano. Tunaanza pambio la kwanza, mwalimu wa kwaya ananiangalia. La pili, ananiangalia tena, anainua kidole cha shahada taratibu, kile cha kusema panda. Baada ya ibada ananivuta pembeni.

"Mbona unashuka?"

Wapi, mwalimu?

"Noti ya tatu. Kila ukifika noti ya tatu unashuka kidogo. Huko kambini wamekufanya nini?"

Nilicheka mpaka machozi, na yeye kanuna, maana kwake si mzaha, tuna uinjilisti wa dayosisi mwezi wa nane. Nataka sana kumpigia Maalim simu nimwambie. Namba yake ninayo, nilipewa na yule wa Pemba. Lakini nitamwambia nini, kwamba sikio limekuja na nimefukuzwa nalo kanisani? Najua atakachojibu, atakunywa kahawa kwanza.

Ngoja niishie hapa kwa sababu kuna jambo kubwa zaidi linanisumbua na hakuna mtu hapa nyumbani anayenisikiliza, wote wako Sumbawanga kwa mawazo. Shule inafunguliwa Jumatatu na sketi yangu niliacha kwa fundi kabla ya safari apanue kiuno. Leo nimeenda, kibanda kimefungwa na bango limetolewa. Anayeuza vocha jirani anasema kahamia Majengo, muuza matunda anasema hapana, kaenda kwao Same kuna msiba. Simu haipatikani. Ile ya zamani hainipandi mapajani. Mwenye namba nyingine ya yule fundi wa pale nyuma ya stendi, mwembamba, anachechemea kidogo, tafadhali anitumie leo hii.