Nilivyoupata ukumbi wa mtaa wetu na kuunyamazisha mwangwi wake

Nilipotangaza kwamba mashindano ya kughani mashairi ya wanafunzi yangefanyika katika ukumbi wa jamii wa mtaa wetu, hapa Eastlands, Nairobi, kila mtu aligeuka mshauri. Mmoja alinihimiza nimtafute diwani anipigie simu. Mwingine aliapa kwamba bila kumpa mlinzi kitu kidogo nisingeuona ufunguo. Ushauri huo wote haukunifaa, kwani nilichokihitaji kilikuwa juu ya meza ya mtunza ukumbi: daftari kubwa ambamo kila anayekodi huandikishwa.

Omba kulisoma daftari hilo. Mzee anayelitunza alinieleza ratiba ambayo haijabandikwa popote: mabondia hufanya mazoezi kila jioni, makanisa mawili hugawana Jumapili, harusi hunyakua Jumamosi karibu zote za Agosti na Desemba, na mkutano wa kuchangia mazishi unaweza kutokea siku yoyote bila taarifa, wala hakuna atakayewafungia mlango waliofiwa. "Mwalimu," akaniambia, "wewe unatafuta siku. Tafuta saa." Kumbe asubuhi za siku za kazi ukumbi huwa mtupu, na kodi yake ni elfu chache tu, chini sana kuliko ya wikendi. Nikachagua asubuhi moja ya likizo ya Agosti, nikalipa kwa simu na kudai risiti.

Kazi ilikuwa mwangwi. Kumbi za upande huu, ukiwemo wa Kaloleni ambako Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alihutubia mikutano katika miaka ya 1950, zilijengwa kwa ajili ya mikusanyiko mikubwa, na nashuku wasemaji wa zama hizo walijua kupumua vizuri baina ya sentensi. Ukumbi wetu una kuta za saruji, sakafu ya saruji na paa la mabati lililo juu sana, kwa hiyo neno likitoka jukwaani hugonga ukuta wa nyuma na kurudi. Kwa hotuba hilo si neno. Kwa shairi ni msiba. Katika mshororo wa mizani 16, yaani mstari wa silabi 16, kina cha kati, ile silabi ya kulinganisha sauti, hukaa mwishoni mwa ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na katika mazoezi yetu kina hicho kilikuwa kikirudi kutoka ukutani wakati mghani ameshaingia kwenye utao, yaani nusu ya pili, silabi zikapandana hata majaji wasijue wahesabu ipi.

Kijana mmoja anayejiita fundi wa sauti akatushauri tukodi spika kubwa zaidi. Tukazikodi, kwa fedha ambazo hadi leo sipendi kuzitaja mbele ya mweka hazina wetu. Msichana wa gredi ya saba akashika maikrofoni, akaghani ubeti mmoja, akanyamaza, na ukumbi ukaendelea kughani bila yeye. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi akapendekeza tuongeze spika nyingine mbili.

Nilizirudisha siku hiyo hiyo. Nikamshusha mghani jukwaani, nikamsimamisha katikati ya ukuta mrefu na kuwapanga wasikilizaji nusu duara, ili hata wa mwisho awe hatua chache tu kutoka kwake. Kisha mabondia wakatuazima kamba, tukaifunga kwenye kulabu wanazotundikia magunia yao ya mazoezi, mkabala na mghani. Tulianza kwa kutundika leso, zikapendeza macho na zisisaidie chochote kwa wepesi wake. Akina mama wa chama kinachokutana hapo ndipo walipoleta mablanketi, pamoja na vitisho kwa yeyote atakayeyarudisha na vumbi. Blanketi zito likiachwa na mikunjo, tena likitengwa na ukuta kama shibiri moja, linameza sauti vizuri ajabu. Na usikate tamaa ukijaribu sauti kabla watu hawajaingia, kwa kuwa miili na nguo zao pia hupunguza mwangwi.

Kodi haikujumuisha usafi, kwa hiyo tulibeba mafagio yetu.

Siku ya mashindano, jaji aliyeketi nyuma kabisa alimpunguzia mvulana mmoja alama kwa sababu ya mizani moja iliyopungua katika ubeti wa tatu. Baba yake alikuja kuteta kwa muda mrefu, akidai mengi, lakini hata yeye hakuthubutu kusema kwamba jaji hakusikia vizuri.