Ole kwa Anayeshika Kalamu

Somo: Isaya 10:1–2, Matendo 17:26

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Isaya anawatangazia ole wanaoweka "amri zisizo za haki", na papo hapo anawataja waandishi wao. Sisi tukifika hapo tunamkemea mfalme, karani tunampita. Leo tukae na karani, na tumfuate hadi Mississippi, Marekani, alikokutana naye mama mmoja aitwaye Fannie Lou Hamer.

Mama huyu alikuwa kitinda mimba katika watoto 20, na pamba alianza kuichuma akiwa na miaka 6. Agosti 1962, kwenye mkutano uliofanyika kanisani mjini Ruleville, ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba hata mtu mweusi anaweza kujiandikisha kupiga kura. Alikuwa na miaka 44. Tarehe 31 mwezi huo yeye na wenzake 17 wakapanda basi kwenda kujiandikisha katika mji wa Indianola.

Katiba ya Marekani ilishakataza tangu 1870 mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake. Kwa hiyo pale ofisini hakuna aliyehitaji kutamka kwamba weusi hawaruhusiwi. Alipewa fomu. Fomu iliuliza, pamoja na mengine, unafanya kazi kwa nani; ukijaza jina la mwajiri, kabla hujafika nyumbani kazi huna. Kisha karani akamfungulia kifungu cha katiba ya jimbo akieleze. Baadaye Hamer alisema sheria ile aliijua kama farasi anavyoijua Krismasi! Akafelishwa. Jioni ile mwenye shamba, aliyemfanyia kazi miaka 18, akamtaka akaliondoe ombi lake la sivyo ahame. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku huohuo akafukuzwa.

Yaliyompata Juni 1963 katika jela ya Winona, mji mwingine wa Mississippi, ni mazito. Polisi waliwaamuru wafungwa wawili weusi wampige, mmoja akichoka apokewe na mwenzake, na madhara yale aliishi nayo hadi kufa kwake 1977. Ila kuna jambo moja la humo jela ambalo halinitoki. Mke wa mlinzi wa jela na binti yao waliwaletea wafungwa maji, na mama yule akasema anajitahidi kuishi Kikristo. Hamer, mwili umevimba kwa kipigo, akamwambia akasome Mithali 26:26, panaposema chuki iliyofichwa itafunuliwa mbele ya kusanyiko, na Matendo 17:26, kwamba Mungu alifanya kila taifa kutoka katika mmoja. Mke yule wa mlinzi akaiandika mistari kwenye karatasi. Hakurudi tena.

Agosti 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ikasimamisha mitihani ile katika majimbo kama Mississippi, na majimbo hayo yakazuiwa kubadili taratibu za uchaguzi bila kibali cha serikali kuu. Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ikauvunja msingi wa kibali hicho, yaani kigezo cha kuamua ni majimbo gani yanakihitaji, kwa hoja kwamba ulitegemea hali ya zamani. Wapo waamini walioufurahia uamuzi huo, na sitaki tugombane. Mimi sikuufurahia. Anayeijua fomu ya Indianola hawezi kuachia mambo haya nia njema ya wenye ofisi.

Jumatano kwenye maombi tuwakumbuke ndugu zetu wanaokaa upande wa ndani wa dirisha: masijala, ardhi, uhamiaji, mahakamani. Hasa yule ambaye wiki hii mkubwa wake atamletea karatasi na kumwambia, "Wewe gonga muhuri tu."