"Sawa, fundi"

Tangu Jumanne maneno mawili yananizunguka kichwani: "Sawa, fundi." Mzee wa mota aliyasema akiwa amekalia ndoo anakula muhogo wa kuchoma. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Tulikuwa mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye mashine ya barafu. Maikrokontrola moja, yaani kikompyuta cha chipu moja, iko ndani ya boksi la kontakta, ile swichi nene inayowasha na kuzima mota, jirani na volti 400 za mota. Ya pili iko huku kwenye kioo cha namba. Zinaongea kwa siriali, data inayopita biti mojamoja, 9600 kwa sekunde, na kati yake nimepachika optokapula mbili za PC817, moja ya kwenda, moja ya kurudi. Nikamweleza kwa madaha: ndani mna taa ndogo na jicho linaloiona, kinachovuka ni mwanga, umeme hauvuki.

Mzee akatafuna kwanza.

"Kwa hiyo hazigusani."

"Hazigusani, mzee."

"Sasa huu waya mweusi hapa katikati unafanya nini?"

"Hiyo ni graundi tu, mzee. Mambo ya data hayo."

"Sawa, fundi."

Hiyo "tu" yangu! Jumatano posa ya dada ikaletwa na mahari yakakubaliwa, mimi nimekaa na wageni nawaza waya.

Maana kioo kilikuwa kinazima na kuwaka upya kila kontakta ikiachia, na nilishamaliza kuulaumu umeme wa mtaa. Huo waya niliuweka mwenyewe siku ya kwanza, kabla ya optokapula, kwa sababu siriali ya kawaida bila graundi ya pamoja, yaani hasi za bodi mbili kuungwa, inakuletea herufi za kiganga. Optokapula zikaja, waya ukabaki palepale, ukivusha umeme uleule ambao optokapula zinauzuia.

Alhamisi usiku nikaukata. Nikagusisha mita graundi kwa graundi: piiii, yaani bado zimeungana. Bado! Nikarudi kukaa. Kumbe bodi zote mbili zinakula kwenye chaja moja, hasi ni ileile. Ningekata waya hata kumi. Nikapekua droo, nikaipata B0505S, kale kadude keusi kanakopokea volti 5 na kutoa volti 5 bila waya kuvuka katikati. Nikalehemu, nikagusisha tena. Mita kimya. Nikagusisha mara ya tatu, kwa utamu tu.

Jana alfajiri nikawahi mwaloni, kontakta ikaachia na kushika weee, kioo hata kupepesa hakikupepesa. Mzee akaingia na ndoo yake.

"Shikamoo, mzee. Ule mweusi nimeutoa."

"Marahaba. Mweusi gani?"

Nilicheka mpaka wabeba samaki wakageuka.

Leo asubuhi mama kapanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kuwapa shangazi habari za posa. Saa kumi hii simu yake haipatikani. Betri ya simu ile naijua, lakini ziwa limechafuka tangu saa sita.